Uliza Fundi wa Ndege: Iliyofika Berlin na iliyomrudisha rubani

SWALI: Shikamoo babu fundi. Sisi ni ndugu wawili, tunauza vipuri vya mashine za boti hapa Kirumba. Tangu mwezi uliopita hatuelewani. Mimi nasema ndege bora ya kivita ya Marekani katika Vita Kuu ya Pili ilikuwa P-51 Mustang, maana ndiyo iliyofika Berlin. Mdogo wangu anashikilia P-47 Thunderbolt, anasema Mustang ilikuwa inakufa kwa risasi moja. Wateja nao wamegawanyika, wengine wanakuja kubishana tu hawanunui kitu. Tupe jibu moja, tumewekeana kreti mbili za soda. (Ndugu wawili, Kirumba)

JIBU: Marahaba, wanangu. Barua yenu ilinikuta mwaloni, mbele yangu kuna mashine ya farasi 40 iliyoletwa kutoka Kayenze imegoma. Nilipoifungua nikakuta magugu maji yameziba tundu la kunyonyea maji, raba ya pampu imekatika, na pistoni moja imeng'ang'ania ndani ya silinda. Mwenye mashine aliniambia aliona kile kimkondo cha maji cha pembeni kimekatika, akajisemea nitafika tu. Hakufika. Wenzake walimvuta kwa kamba usiku. Naanza na habari hiyo kwa sababu ugomvi wenu umelala hapo hapo, kwenye maji ya kupoozea injini.

Mustang ilitumia injini ya Merlin, kazi ya Rolls-Royce wa Uingereza, ambayo Wamarekani waliitengeneza kwa kibali katika kiwanda cha Packard, Detroit. Silinda 12, ujazo wa lita 27, na inapoozwa kwa maji yaliyochanganywa na glikoli. Maji hayo yanapita kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta iliyowekwa chini ya tumbo la ndege, nyuma ya rubani, kisha yanarudi mbele. Risasi moja ikitoboa bomba au rejeta, maji yanamwagika, na rubani anabaki na dakika chache za kutafuta pa kutua au pa kuruka kwa mwavuli. Hapo mdogo amesema kweli tupu.

Thunderbolt haikuwa na maji ya kumwagika. Injini yake ilikuwa Pratt & Whitney R-2800, silinda 18 zilizopangwa safu mbili kuzunguka duara, ujazo wa lita 46. Mnazijua mashine za 40 mnazouzia vipuri, zina silinda 2 tu. Basi pigeni picha ya kitu hicho. Inapoozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya kila silinda, na kila silinda inajitegemea kwa kiasi chake.

Mimi nilifanya kazi miaka 31 kwenye ndege ndogo za uwanja wetu wa Mwanza, na injini karibu zote nilizozishika zilikuwa za kupoozwa kwa hewa namna hiyo. Siku moja ndege ya injini moja ilitua ikitokea upande wa Geita inatetemeka mpaka milango inagonga. Nilipofungua kofia ya injini nikakuta silinda moja kati ya sita imepasuka kichwani. Rubani alikuwa amepunguza moto, akaileta hivyo hivyo kwa zile tano zilizobaki, na abiria wanne ndani. Niliishika ile silinda kwa kitambaa, bado ina moto, nikamkumbuka mwalimu wangu wa injini. Yeye aliishughulikia R-2800 baada ya vita, ilipokuwa inabeba abiria kwenye ndege za DC-6, na alikuwa akituambia kwamba Thunderbolt zilirudi Uingereza zikiwa na silinda zilizong'olewa kabisa na risasi. Darasani tulimsikiliza tu. Siku ile nikamwamini.

Kuna rubani mmoja, Robert Johnson, ambaye kisa chake nakisimulia kwa kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu. Tarehe 26 Juni 1943 Thunderbolt yake ilipigwa vibaya juu ya Ufaransa. Akataka kuruka, kifuniko cha chumba cha rubani kikakataa kufunguka vya kutosha. Akageuza kuelekea nyumbani, mafuta ya injini yametapakaa kiooni. Akakutana na ndege ya Mjerumani, Focke-Wulf 190, ikamfuata nyuma ikammiminia risasi mpaka zikaisha. Yule Mjerumani akasogea ubavuni, akaitazama ile ndege ambayo haikutaka kuanguka, akampungia, akaenda zake. Johnson alitua Uingereza. Matundu yalihesabiwa zaidi ya 200. Mtu huyo huyo aliendelea kupigana na akamaliza vita akiwa mmoja wa marubani wakubwa wa Marekani barani Ulaya. Mustang isingeweza kufanya hivyo, na nasema hili nikiwa naipenda Mustang.

Thunderbolt ilikuwa na mengine pia. Ilibeba bunduki za rashasha 8 za milimita 12.7 mabawani, Mustang ya P-51B ilikuwa na 4 na ya P-51D ikawa na 6. Mbuni wake, Alexander Kartveli, mzaliwa wa Georgia aliyehamia Marekani, aliweka tabo kubwa, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, nyuma kabisa, karibu na mkia, akapitisha mabomba ya moshi na hewa chini ya miguu ya rubani. Ndiyo maana ndege ile ina tumbo kubwa. Kwa tabo hiyo ilipumua vizuri mita 9,000 juu, mahali ambapo injini nyingi huishiwa pumzi. Ikipiga mbizi hakuna aliyeikimbia. Ubaya wake ulikuwa kupanda: tani 4 na nusu ikiwa tupu, karibu tani 8 ikiwa imeshiba, ilipanda kama lori la pamba lenye shehena. Walipoifunga propela zenye mapanga mapana mwanzoni mwa 1944 ndipo ikapata miguu.

Mpaka hapa mkubwa ameshaanza kuhesabu hela ya kulipia soda. Asubiri.

Chukueni ramani ya Tanzania. Kutoka viwanja vya mashariki mwa Uingereza mpaka Berlin ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya hewa, karibu sawa na kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam. Sasa fikirini ndege za mabomu zinaondoka Mwanza kwenda kupiga Dar, na kule ndiko adui alikojaa. Ndege ya kuzisindikiza inatakiwa iruke nazo, ipigane juu ya Dar, halafu irudi Mwanza bila kutua popote. Thunderbolt za mwaka 1943 zingefika Singida zikageuza.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 14 Oktoba 1943. Ndege za mabomu za B-17 zipatazo 291 zilitumwa Schweinfurt, Ujerumani, penye viwanda vya beringi. Thunderbolt zilizisindikiza mpaka kwenye mpaka wa Ujerumani karibu na Aachen, mafuta yakafika kiwango cha kurudi, zikageuka. Wajerumani walikuwa wakilingoja hilo. Ndege 60 kati ya hizo ziliangushwa siku ile, na kila moja ilikuwa na watu 10. Baada ya hapo Wamarekani walisitisha safari za ndani kabisa ya Ujerumani zisizo na wasindikizaji. Ndege imara kuliko zote, yenye bunduki 8, haikumsaidia chochote kijana aliyekuwa kwenye B-17 kilomita 300 mbele ya mahali ilipogeukia.

Mustang zenye Merlin zilianza kazi Uingereza mwezi Desemba 1943, na Machi 1944 zilikuwa juu ya Berlin. Watu wengi hudhani zilibeba mafuta mengi zaidi. Tumboni na mabawani Mustang ya P-51D ilikuwa na kama lita 1,000. Thunderbolt za mwanzo zilikuwa na kama 1,150. Yenye mafuta machache ndiyo iliyofika mbali! Sababu ni kwamba Mustang ilikuwa inateleza hewani. Edgar Schmued na wenzake wa North American Aviation waliisanifu haraka mwaka 1940 kwa oda ya Waingereza, mwili wa kwanza ukawa tayari kwa siku 102, lakini haraka hiyo haikuwafanya wawe wazembe. Mabawa yalichongwa hewa ipite juu yake bila kuvurugika, na ile rejeta ya tumboni iliwekwa ndani ya mfereji uliochongwa hivi kwamba hewa inayoingia baridi na kutoka ikiwa imepashwa moto inapunguza ule mzigo wa kuiburuta rejeta yenyewe.

Ona sasa, rejeta ile ile ambayo mdogo anaiona ni kidonda cha Mustang, ndiyo sehemu mojawapo ya siri ya kufika kwake Berlin. Injini ya maji ni nyembamba mbele, inapasua hewa. Injini ya duara inaipokea hewa kwa kifua. Mbuni alipochagua kufika mbali alikuwa amechagua pia kuweka maji njiani mwa risasi, na hakuwa na namna ya kuchukua kimoja akaacha kingine.

Tangi moja la Mustang lilikuwa nyuma ya kiti cha rubani, kama lita 320. Likijaa, mkia unakuwa mzito na ndege haishikiki vizuri, sawasawa na mtumbwi uliopakiwa madumu yote nyuma ukainua pua. Marubani waliamriwa kulimaliza mapema, kabla hawajakutana na adui.

Bei nayo ilikuwa na neno. Mwaka 1945 jeshi lilikuwa linalipa kama dola 51,000 kwa Mustang moja na kama dola 83,000 kwa Thunderbolt. Kufikia mwisho wa vita kikosi cha anga cha 8 kilichokuwa Uingereza kilikuwa kimebadilisha vikundi vyake vyote vya ndege za kivita kuwa vya Mustang isipokuwa kimoja, cha 56. Hicho kiling'ang'ania Thunderbolt mpaka siku ya mwisho, na ndicho kilichokuwa na marubani wakubwa akina Gabreski na yule Johnson. Thunderbolt nyingine zilishushwa chini zikapige treni, madaraja na vifaru, mahali ambapo kila askari mwenye bunduki anakufyatulia, na hapo zilikuwa nyumbani. Miaka mitano baadaye, vita vya Korea vilipoanza, Mustang ndizo zilizopelekwa kushambulia chini, na nyingi zikaanguka kwa risasi za kutoka ardhini. Mabomba ya maji yalikuwa yale yale.

Mlitaka jibu moja. Kwa vita vya angani juu ya Ujerumani ni Mustang, kwa sababu ya umbali, na mdogo alipe soda. Lakini kaka mtu usiondoke na ushindi wote. Kabla Mustang hazijafika, ni Thunderbolt zilizokuwa zikipambana na marubani wazoefu wa Kijerumani upande wa magharibi na kuwapunguza, na kama mngeniuliza ndege gani nimpandishe mwanangu wa kumzaa akapige daraja lenye mizinga pande zote, nisingefikiri mara mbili. Ningempandisha ya mdogo wako.

SWALI: Je, ni kweli yale matangi ya mafuta yaliyofungwa nje ya ndege hizo za kivita yalikuwa ya karatasi? Mwalimu wetu anakataa. (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Ni kweli, mwambie kwa heshima. Waingereza waliyatengeneza kwa karatasi nzito iliyobanwa na gundi, ya galoni 108 za Marekani, yaani zaidi ya lita 400. Petroli ilikuwa inaila ile gundi taratibu, kwa hiyo hayakuwekwa mafuta mpaka safari ikaribie. Chuma kilikuwa adimu, na tangi lenyewe linatupwa njiani mara mafuta yakiisha. Wajerumani wakiliokota hawapati hata bati la kuyeyusha.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nyegezi. Nimeona kwamba F6F Hellcat ya jeshi la majini la Marekani iliangusha ndege 19 kwa kila moja iliyopotea, na F4U Corsair 11 kwa moja. Kwa hesabu hiyo Hellcat si ndiyo ilikuwa bora kuliko Corsair, na kuliko hizo P-47 na P-51 zote? Ninaandika insha.

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Takwimu ulizoziona ndizo zinazoandikwa. Hellcat inahesabiwa ndege 5,163 na yenyewe ikapoteza kama 270 katika mapambano ya angani. Corsair inahesabiwa 2,140 kwa 189. Ugawanye upate 19 na 11. Hesabu yako haina kosa. Kosa liko kabla ya kugawanya.

Nyumba uliyopanga, muulize mwenye nyumba kama ana ndugu anayevua dagaa. Atakuambia kazi hiyo ni ya usiku wa giza. Taa zikiwashwa dagaa wanakuja. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Sasa mtu akikuletea hesabu ya boti mbili, moja imevua wiki za giza na nyingine imevua mwezi ukiwa mkubwa, halafu akakuuliza nahodha gani hodari, utamwambia kwanza nionyeshe tarehe.

Corsair zilipelekwa Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki, mwezi Februari 1943 na wanamaji wa nchi kavu (Marines), zikakutana na Wajapani ambao bado walikuwa na marubani wengi wazoefu. Hellcat zilianza mapigano mwishoni mwa Agosti 1943, na wingi wa ushindi wao ulikuja 1944 na 1945. Kufikia wakati huo Japani ilikuwa imepoteza marubani wazuri na mafuta ya kufundishia wapya yalikuwa shida. Tarehe 19 Juni 1944, karibu na visiwa vya Mariana, mamia ya ndege za Kijapani ziliangushwa kwa siku moja, nyingi zikiendeshwa na vijana ambao mafunzo yao yalikatizwa katikati. Nikisoma habari za siku ile siwezi kushangilia. Wale walikuwa watoto wa umri wako.

Jambo la pili, hizo 5,163 ni hesabu ya upande mmoja, walioangusha. Katika vita ile kila jeshi lilihesabu zaidi ya kilichoanguka, kwa sababu watu wawili wanaweza kuipiga ndege moja na kila mmoja akaiandika yake. Ziandike kwenye insha yako, ila useme zimetoka wapi.

La tatu litakufurahisha. Hellcat na Corsair zilitumia injini ile ile, R-2800, ndugu wa ile ya Thunderbolt. Corsair ya kwanza ilikimbia kama kilomita 670 kwa saa. Hellcat za vitani hazikufika mwendo huo. Yenye mwendo mdogo ndiyo yenye 19! Mwendo peke yake haukuamua, na mimi naamini kutua ndiko kulikoamua mengi. Corsair ilikuwa na propela ya kipenyo cha mita 4, na ili isigonge chini wakayakunja mabawa yake mfano wa mabawa ya shakwe ili miguu ya magurudumu ibaki mifupi. Halafu walipoongeza tangi la mafuta mbele ya rubani ikabidi kiti kirudi nyuma, pua ikawa ndefu, rubani anayetua melini haioni meli. Ikapunguza mwendo, bawa la kushoto linaanguka kabla ya la kulia. Ikigusa sitaha, miguu inaruka kama mpira. Jeshi la majini likaipeleka nchi kavu kwanza. Waingereza ndio waliotangulia kuitumia kwenye meli zao kwa kuijia meli kwa mkunjo, ili rubani aione pembeni ya pua mpaka dakika ya mwisho. Bawa lililoanguka lilitibiwa kwa kijipande kidogo cha pembe tatu kilichobandikwa mbele ya bawa la kulia, ili nalo lipoteze nguvu wakati mmoja na mwenzake. Fundi aliyefikiria kijipande kile namheshimu kuliko nijuavyo kusema.

Hellcat ya Grumman haikuwa na visirani hivyo. Rubani alikaa juu, aliona mbele, na kijana aliyetoka shuleni jana aliweza kuitua kwenye meli inayoyumba. Ndege 12,275 zilijengwa kwa muda wa miaka mitatu hivi. Lakini tazama na upande wa pili: Hellcat iliacha kujengwa vita ilipoisha 1945, Corsair iliendelea kutoka kiwandani mpaka 1953 na ikapigana Korea. Kwa hiyo ukiulizwa ipi bora, uliza wewe kwanza: mwaka gani, inatua wapi, na inaendeshwa na nani. Ukimaliza insha niletee nakala.

SWALI: Mwangaluka babu. Mimi ni mvuvi wa Ukara. Nikienda mbali nafunga mashine mbili, moja ikizima narudi na nyingine. Nasikia Wamarekani walikuwa na ndege ya injini mbili, P-38. Hiyo si ndiyo ilikuwa na akili?

JIBU: Mwangaluka, mwanangu. Wewe una akili, na P-38 Lightning ilikuwa na akili mahali ulipo wewe, yaani juu ya maji mengi. Kwenye bahari ya Pasifiki rubani anaruka saa nyingi bila kuona kitu ila maji. Injini moja ikifa, ya pili inamrudisha. Marubani wawili wa Marekani walioangusha ndege nyingi kuliko wengine wote katika vita ile, Richard Bong mwenye 40 na Thomas McGuire mwenye 38, wote waliruka P-38 huko. Na tarehe 18 Aprili 1943 ni P-38 zilizotoka Guadalcanal, zikapita chini chini juu ya bahari zaidi ya kilomita 600, zikamkuta Amirali Yamamoto wa Japani angani na kumwangusha. Hakuna ndege nyingine ya kivita waliyokuwa nayo pale iliyoweza kwenda hapo na kurudi.

Ndege hiyo hiyo ikipelekwa Ulaya, mita 9,000 juu katika baridi kali, ilitia huruma. Injini zilikuwa mbali na rubani, pembeni, kwa hiyo hata joto la kumkanza halikumfikia. Watu walitua vidole vimekufa ganzi. Mafuta ya injini yaliganda, tabo zilisumbua, injini zikafa moja baada ya nyingine. Ikipiga mbizi kutoka juu sana ilikataa kuinuka, mpaka walipoifunga chini ya mabawa vibao vya kuisaidia kuinuka. Kufikia vuli ya 1944 kikosi cha 8 kilikuwa kimeshaziacha. Kule Pasifiki wakati huo huo Bong alikuwa anaendelea kuhesabu.

Nina jambo moja kwa ajili yako hasa, kwa sababu najua bei ya petroli huko kisiwani. Katikati ya 1944 Charles Lindbergh, yule aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, alikwenda Guinea Mpya akiwa raia tu, akaruka na vijana wa P-38. Wakuu wa mafundi waligundua kwamba yeye akitua, matangi yake yana mafuta mengi kuliko ya wenzake waliokwenda safari ile ile. Akawafundisha: punguza mizunguko ya injini mpaka 1,600 kwa dakika, fungua hewa ya kutosha, mafuta yachanganywe membamba, kisha uwe na subira. Vijana waliogopa injini zitaungua. Hazikuungua, na safari za saa 6 au 8 zikawa za saa 9 na zaidi. Mashine zako mbili za boti huwezi kuzipunguzia mchanganyiko kwa namna hiyo, na usijaribu, maana za mipigo miwili zinapata oili humo humo kwenye petroli. Ila hilo la mizunguko linakuhusu. Kijana wako aache kukaza mkono mpaka mwisho tangu mnaondoka Ukara mpaka mnafika kwenye nyavu.

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Marehemu babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles wa Waingereza, alipigana Burma. Alikuwa anasema waliona ndege nene yenye mdomo wazi, yenye duara ya buluu na mistari myeupe, ikipita juu yao kwenda kuwapiga Wajapani. Wajomba zangu wanabishana: mmoja anasema ilikuwa ya Wamarekani, mwingine ya Waingereza. (Mjukuu wa askari, Magu)

JIBU: Marahaba, mjukuu. Mungu amrehemu babu. Askari wa Afrika Mashariki, wa Tanganyika wakiwamo, walishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua ambazo wenyeji wenyewe huzikimbia, wakafika mto Chindwin na kuvuka mwezi Desemba. Barabara zilikuwa tope. Chakula na risasi viliwafikia kwa kudondoshwa na ndege.

Ndege nene yenye mdomo wazi ni Thunderbolt. Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza ambayo nayo ilikuwapo kule, ina pua iliyochongoka, hakuna anayeweza kuiita nene. Jeshi la Anga la Uingereza lilichukua zaidi ya Thunderbolt 800 kutoka Marekani, na karibu zote zilipelekwa upande huo wa dunia. Zilianza kupigana Burma Septemba 1944. Na ile duara ya buluu ndiyo inayonifanya niwe na hakika. Kwa kawaida alama ya Waingereza ina nyekundu katikati, lakini Asia waliiondoa ile nyekundu ili askari wa chini asidhani ni jua jekundu la Wajapani akaifyatulia. Mistari myeupe ilipakwa mabawani, mkiani na puani kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mjomba mmoja anazungumzia kiwanda, na Thunderbolt zilitoka Farmingdale na Evansville huko Marekani, mwingine anazungumzia rubani na alama. Babu yako aliiona duara bila nyekundu, akiwa amelala kwenye tope na watu wanampiga risasi, na akaikumbuka mpaka akakusimulia. Iandike kama alivyosema, na jina la kikosi chake kama linajulikana nyumbani, uitunze pamoja na nishani zake.